Barua ya steti usiiweke kwenye droo: mazungumzo na CNA wenzangu wa Houston

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi jioni kwenye mkutano wetu wa Waswahili wanaofanya kazi za kuhudumia wazee hapa Texas. Wengi walikuwa shifti wakaniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka, sikuyapiga pasi.)

Shikamooni wazee wetu mliokaa huku mbele, na nyie wengine wote habari za jioni, naona kuna waliokuja na skrabu moja kwa moja kutoka kazini na kuna wengine saa tano usiku mnaingia, kwa hiyo nitaongea haraka lakini naomba tusikilizane, na simu tuziweke chini kidogo.

Wengi mnanijua. Nimefanya CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, miaka 11, nasingihomu, nyumba za wazee za Texas hizi hizi, kabla sijasoma nikawa LVN, nesi mwenye leseni, na sasa hivi wikiendi nafundisha darasa la CNA, kwa hiyo nayajua haya mambo kutoka pande zote mbili, kutoka chini nikiwa nambadilisha bibi pampasi saa kumi alfajiri, na kutoka kule darasani ambako inabidi nimwambie mwanafunzi sheria inasemaje. Na nimekuja leo kwa sababu ya dada yetu mmoja. Simtaji, kaniruhusu niseme habari yake ila jina hapana.

Huyu dada mwaka jana alikuja kwangu na bahasha. Alikuwa amepata kazi mpya, amepita intavyuu, amechukuliwa alama za vidole, amenunua viatu vyeupe, halafu siku ya kuanza HR, ofisi ya wafanyakazi, wakampigia wakamwambia samahani hatuwezi kukuchukua, jina lako lina alama kwenye rejista ya jimbo, ile orodha ya steti ya majina ya CNA. Alama gani? Hawakumwambia. Akaenda kwenye apatimenti yake ya zamani, kwa binamu yake, akapekua, na kwenye droo ya jikoni, ile droo tunayoweka kuponi na betri na risiti, akakuta bahasha ya posta ya kusaini, haijafunguliwa. Binamu yake ndiye aliyeisaini ilipoletwa, akaiweka pale, akasahau kumwambia. Tukaifungua pamoja mezani kwangu. Tarehe yake ilikuwa ya miezi 14 nyuma. Ndani iliandikwa kwamba ametuhumiwa kumtelekeza mkazi mmoja kwenye nyumba ya wazee aliyokuwa akifanya kazi, na kwamba ana siku 30 kuomba kusikilizwa, na asipoomba uchunguzi utabaki kama ulivyo na jina lake litaandikwa.

Siku 30, na sisi tunaisoma mwezi wa 14.

Kilichotokea kule kazini anakumbuka vizuri. Bibi mmoja alikutwa chini, wakamwambia dada aende nyumbani asubiri kupigiwa simu, hakupigiwa, akaona aibu, akasema potelea mbali, akaenda kufanya kazi kwenye ghala la mizigo, akahama apatimenti. Akadhani kuacha kazi ndiyo mwisho wa jambo. Ndugu zangu, kuacha kazi sio mwisho wa jambo, jambo linaendelea bila wewe kuwepo, na likiendelea bila wewe linaishia vibaya, hicho ndicho nilichokuja kukisema jioni hii, mengine yote nitakayosema ni ya kukifafanua hicho.

Sasa hii rejista ni nini na imetoka wapi. Zamani Marekani hii mtu yeyote angeweza kuajiriwa leo asubuhi na mchana akawa anamwogesha mzee aliyepooza, hakuna mafunzo ya lazima ya taifa, hakuna mtihani, hakuna sehemu ya kuangalia kama huyu mtu kule alikotoka alimpiga mzee. Na ilikuwa mbaya kweli. Hapa hapa kwetu, kule Texas City karibu na Galveston, kuna nyumba ya wazee ambayo kampuni yake ilishtakiwa kwa mauaji kwa jinsi wazee walivyoachwa, kesi ikahamishiwa San Antonio, na mwaka 1986 baraza la mahakama likashindwa kukubaliana, ikaishia hapo. Mwaka huo huo wa 1986 ikatoka ripoti kubwa ya Taasisi ya Tiba kule Washington kuhusu hali ya nyumba za wazee, na Desemba 1987 Bunge la Marekani likapitisha sheria ambayo Rais Reagan aliisaini, inaitwa OBRA 87 kwa kifupi. Kila kitu mnachokijua kuhusu CNA, darasa, mtihani, rejista, vimetoka pale.

Sheria ile iliweka kiwango cha chini, saa 75 za mafunzo, na kati ya hizo angalau 16 ziwe za kushika kazi ukiwa na nesi anakusimamia. Na kabla hujamgusa mkazi yeyote lazima uwe umeshafundishwa saa 16 za mwanzo, kuongea na watu, kuzuia maambukizi, usalama na mtu akipaliwa na chakula unafanyaje, na haki za mkazi. Halafu kila jimbo likaachiwa liongeze. Texas hapa ni saa 100, 60 darasani na 40 kazini. California 160. Maine kule kwa wenzetu Wakongo wengi ni 180. Minnesota wamebaki na 75 zile zile. Ndio maana mtu anatoka jimbo moja anaenda lingine anashangaa mbona naambiwa niongeze saa, sio kwamba wanakubagua, kila jimbo lina kiwango chake na ofisi yake, kwingine ni bodi ya manesi, kwingine ni idara ya afya, hapa kwetu ni tume ya afya na huduma za jamii, ile mnayoiita HHSC.

Hapa nisimame kidogo kwenye hela maana naona watu wanaibiwa. Sheria ya taifa inasema kama siku unaanza darasa ulikuwa tayari umeajiriwa na nyumba ya wazee, au wamekuahidi kazi, hutakiwi kulipishwa hata senti moja, sio darasa sio kitabu. Na kama ulijilipia mwenyewe huna kazi, halafu ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza ukapata kazi kwenye nasingihomu, jimbo linatakiwa liweke utaratibu wa kukurudishia, kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Mnyooshe mikono, nani amerudishiwa? Naona mmoja. Ukumbi mzima huu. Risiti zenu mmezitupa. Anayeanza darasa mwezi ujao, ile risiti ibandike kwenye friji.

Mtihani sitaki kuuongelea sana, mnaujua, una maandishi na una vitendo, kama kusoma kwa Kiingereza ni shida omba ule wa kusikiliza, upo, na sheria inakupa nafasi tatu sio moja. Kunawa mikono wengi wanafelia hapo hapo kwa haraka tu, maji yatiririke kutoka kifundo kwenda vidoleni, bomba ulifunge na karatasi, na usiguse sinki. Basi.

Kinachowaumiza wengi baada ya mtihani ni miezi 24. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi ya kulipwa, jina lako linatolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, unarudi kwenye mafunzo au mtihani upya. Ya kulipwa. Kuna mama hapa alikaa nyumbani miaka mitatu anamuuguza mama mkwe wake, usiku na mchana, kazi ngumu kuliko ya nasingihomu, lakini kwa sheria haihesabiki kwa sababu hakulipwa. Inauma lakini ndivyo ilivyo. Na hapa Texas kila miaka miwili lazima uhuishe, uonyeshe ulifanya kazi na una saa 24 za mafunzo ya kazini, kwa kiwango cha taifa ni saa 12 kwa mwaka, na humo lazima kuwe na somo la wagonjwa wa kusahau na somo la kuzuia unyanyasaji. Zile video mnazofungulia halafu mnaenda kukoroga chai, hizo hizo. Kaeni mzisikilize, maana siku ukiulizwa na mpelelezi kama uliwahi kufundishwa, wanatoa karatasi yenye saini yako.

Na kitu kingine ukihama nyumba, hata ukihama mtaa tu, wape rejista anuani mpya. Ni dakika tano. Yule dada yetu angefanya hivyo barua ingemkuta yeye, isingemkuta binamu.

Haya, twende kwenye tuhuma.

Kuna mambo matatu yanayoweza kukuandikisha, unyanyasaji, kutelekeza, na kuchukua mali ya mkazi. La kwanza kila mtu anadhani analijua, kumpiga, kumfinya, kumtukana. Lakini mwaka 2016 serikali ya taifa iliwaandikia wakaguzi wote wa majimbo kuhusu picha, kwamba ukimpiga mkazi picha au video ya kumdhalilisha na kuirusha mtandaoni huo ni unyanyasaji, hata kama mwenyewe hajui, hata kama alicheka. Wadogo zangu mnaopenda TikTok, nawapenda, lakini mkishaingia kule simu ikae kwenye loka. Usiseme bibi mwenyewe alitaka kucheza na mimi. Yule bibi ana ugonjwa wa kusahau, hawezi kukupa ruhusa.

La mali nalo linatukuta sisi kwa sababu ya mila zetu. Kwetu mzee akikupa kitu ukakataa umemvunjia heshima, babu anakuambia mwanangu chukua hii dola 20 kanunulie watoto, unaona ni baraka, unapokea kwa mikono miwili na goti unapiga. Kesho kutwa binti yake anahesabu hela hazitoshi, babu hakumbuki, na kamera ya korido inakuonyesha unatoka na kitu mkononi. Au amekutuma soda kwa kadi yake. Usipokee. Mwambie asante sana babu, kazini hawaturuhusu, halafu nenda kamwambie nesi wa zamu kwamba mzee alitaka kunipa hela nimekataa, na umwambie aandike. Najua roho inakusuta, mimi mwenyewe nilikuwa nasutwa.

Sasa tuhuma ikitokea mambo yanaenda mbio kuliko unavyodhani. Kama ni unyanyasaji au mtu ameumia vibaya, nyumba ya wazee ina saa 2 tu kuripoti kwa jimbo. Mengine saa 24. Matokeo ya uchunguzi wao wanatakiwa wayapeleke ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo ile kukuambia nenda nyumbani utapigiwa simu sio lazima wanakuchukia, wanatakiwa wamlinde mkazi wakati wanachunguza. Lakini kumbuka wewe uko nyumbani, wao wako kule wanaandika maelezo, na kila anayeandika ana familia na kazi ya kuilinda. Ndiyo maana siku ile ile, kabla hujalala, kaa chini andika yako. Kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua, utatafsiriwa baadaye. Nani alikuwepo, ulikuwa na wakazi wangapi, saa ngapi ulimwona mara ya mwisho, alivaa nini, kitanda kilikuwa chini au juu, taa ya kuita ilikuwa mkononi mwake au imeanguka, ulimwambia nani. Andika ukiwa bado unakumbuka, usiandike ya kubuni, andika hata kosa lako kama lipo.

Halafu steti wanakuja. Mpelelezi wa jimbo akikupigia simu mpigie. Watu wetu wanaogopa, wanadhani ni uhamiaji, wanazima simu. Huyu sio uhamiaji, huyu anatafuta kilichotokea kwenye chumba fulani usiku fulani, na kama husemi ataandika ya waliosema. Akimaliza, na jimbo likiona tuhuma ina msingi, linatakiwa likuandikie ndani ya siku 10 za kazi, barua ile inasema umetuhumiwa nini, lini, wapi, na kwamba una siku 30 kuanzia tarehe ya barua kuomba kusikilizwa. Ukiomba, jimbo linatakiwa limalize kukusikiliza ndani ya siku 120. Na utaratibu wenyewe uko hivi, tuhuma peke yake haikupeleki kwenye rejista, ukiomba kusikilizwa jina haliandikwi mpaka usikilizwe. Usipoomba, kwa sheria umekubali kuachia haki yako, na ndani ya siku 10 za kazi wanapeleka kwenye rejista, kwa mwajiri wako wa zamani na wa sasa.

Na likishaandikwa, ni taifa zima. Nyumba yoyote ya wazee inayopokea hela za Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali, na karibu zote zinapokea, hairuhusiwi kukuajiri, hapa au Ohio au Arizona, na kabla ya kukuajiri wanatakiwa waangalie rejista ya kila jimbo wanalodhani uliwahi kufanya kazi. Unyanyasaji na wizi unakaa maisha, haufutwi mpaka ithibitike ni makosa ya uandishi, au mahakama ikuone huna hatia, au ufe. Lakini kutelekeza, na hii sikilizeni, toka mwaka 1997 sheria inakuruhusu baada ya mwaka mmoja uombe jina litolewe kama lilikuwa tukio moja tu na historia yako haionyeshi tabia hiyo. Yule dada yetu tulipoona yale maneno alilia. Ombi tumeshaliandika, barua za mabosi wake wa zamani tumeambatisha, mchungaji wake kaandika, mpaka leo tunasubiri majibu. Na angekuwa amefungua ile bahasha siku ya kwanza huenda tusingefika huku kabisa, kwa sababu ya kitu ninachotaka kuwasimulia sasa, kilichonikuta mwenyewe.

Ilikuwa zamani kidogo, nyumba moja sitaitaja, zamu ya usiku. Mwenzangu mmoja hakutokea, mwingine akaondoka saa sita mtoto anaumwa, nikabaki peke yangu na upande mzima, wakazi 27. Mnajua hesabu ya usiku, kila baada ya saa 2 yule asiyeweza kujigeuza lazima umgeuze, ubavu huu, ubavu huu, mto kati ya magoti, visigino visiguse shuka, la sivyo unapata vidonda vya kulalia, na vidonda vile vikishaanza vinakula mpaka mfupa. Nilikuwa na 9 wa kugeuza. Na kulikuwa na babu mmoja mzito, mkeka wake wa mashine ya kunyanyulia umeandikwa kwa rangi nyekundu watu wawili, WATU WAWILI, na alikuwa amejichafua tangu mgongoni mpaka shingoni.

Nikaenda kwa nesi wa zamu. Nikamwambia siwezi kumnyanyua peke yangu, naomba uje au umpigie msimamizi. Akasema anagawa dawa, nisubiri. Nikachukua ile karatasi ndogo inayokuja na sinia la chakula, nyuma yake haina kitu, nikaandika saa nane na dakika 40 usiku, nimeomba msaada wa kumnyanyua wa chumba fulani, nimeambiwa nisubiri, niko peke yangu na 27. Nikaweka mfukoni. Saa tisa na robo nikaenda tena, nikaandika tena. Kumi kasoro akaja. Tulipomgeuza babu, ngozi ya nyuma kiunoni ilikuwa imeshaanza kuachia, nyekundu, imelowa, kama ukubwa wa sahani ya kikombe. Mimi mpaka leo naikumbuka ile ngozi. Alinishika kidole akaniambia asante, na mimi nilikuwa nimemwacha kwenye uchafu zaidi ya saa nzima.

Mtoto wake alilalamika na alikuwa na haki. Jina lililotajwa kwenye malalamiko lilikuwa langu, peke yangu, maana mimi ndiye niliyeandikiwa chumba kile. Mpelelezi alipokuja nilimpa ile karatasi ya sinia, imekunjika, ina doa la juisi. Akaisoma, akaenda kuchukua ratiba ya usiku ule, akaenda kuongea na nesi, kisha akaniuliza swali moja, kwa nini uliandika. Nikamwambia kwa sababu niliogopa. Malalamiko dhidi yangu hayakuthibitishwa. Nyumba ndiyo iliyoandikiwa makosa.

Miaka baadaye nikiwa nasoma ndipo nikakutana na sentensi yenyewe kwenye sheria, na naomba muibebe kichwani. Inasema jimbo halitamwandika mtu kwamba ametelekeza mkazi kama mtu huyo ataonyesha kwamba kule kutelekeza kulisababishwa na mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wake. Nje ya uwezo wake! Imo kwenye sheria ya taifa yenyewe, sio hisani ya bosi. Lakini angalieni neno lingine pale, ATAONYESHA. Mzigo ni wako. Hawatakuja kukutafutia ratiba kama wewe umehama na simu umezima. Sijui yule dada usiku ule alikuwa na wangapi, anasema walikuwa 22 na yeye peke yake kwenye korido, lakini hakuna aliyemwuliza, kwa sababu hakuwepo kuulizwa.

Na upungufu wa watu haujaisha, msidhani serikali itatuletea wenzetu kesho. Mwaka 2024 serikali ya taifa ilitoa kanuni kwamba kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma kwa siku, na kati ya hizo saa 2.45 zitoke kwa CNA. Wenye nyumba za wazee wakaenda mahakamani, hapa hapa Texas, kule Amarillo, na Aprili 2025 jaji akaifuta. Walisema watu wa kuajiri hawapo na hela hakuna, na kwa nyumba ndogo za vijijini naelewa, kweli hawapo. Lakini mimi nilitaka ile kanuni. Mtu aliyewahi kubaki na 27 usiku anajua kwa nini niliitaka.

Nataka nieleweke vizuri. Mimi siipingi rejista. Kuna watu walimpiga kofi mzee asiyeweza kusema, kuna waliovua pete kidoleni kwa mama aliyelala, hao jina lao libaki pale milele na mimi nikiwa mwalimu nitakuwa wa kwanza kuripoti. Mama yangu mzazi yuko Morogoro, analelewa na binti tunayemlipa, hakuna rejista, hakuna wa kumkagua, nampigia kila siku nasikiliza sauti ya mama kama imebadilika. Kwa hiyo najua thamani ya mtu wa nje kuja kuangalia. Hawa wakaguzi wa steti wanaokuja bila taarifa, isizidi miezi 15 kati ya ukaguzi na ukaguzi, mimi nawashukuru, hata siku wananitetemesha.

Ninacholalamikia ni uzito unavyogawanywa. CNA akiandikwa, ni jina lake, kila mtu duniani akifungua tovuti analiona. Nyumba iliyompanga mmoja kwa watu 27 inapigwa faini, faini ikiwa kubwa inanyimwa kuendesha darasa la CNA kwa miaka 2, halafu inauzwa, inapakwa rangi, inabadilishwa kibao pale nje, na mwaka ujao unaona tangazo wanaajiri. Yule msichana habadilishi kibao. Nimeliandikia jimbo kuhusu hili na nitaendelea kuandika, na nawaomba na nyie mwandike, nitawapa anuani, wanasoma, na mwakilishi wako wa bunge la Texas ana ofisi hapa mjini, milango iko wazi hata kama hupigi kura.

Na nyie mnaofanya kazi za majumbani na zile nyumba ndogo za watu wanne watano, msidhani hamhusiki eti kwa sababu hamna cheti cha CNA. Texas ina orodha nyingine ya makosa ya wafanyakazi wasio na leseni, ukiandikwa kule umeandikwa, na huko nako kuna barua na kuna siku za kukata rufaa.

Kuna ofisi nyingine wengi hamuijui, ya ombudsman wa nyumba za wazee, kila jimbo linaye kwa sheria. Kazi yake ni kumtetea mkazi, lakini ukiona wazee wanaachwa kwa sababu watu hawatoshi, mpigie, siri yako inalindwa. Mimi nilimpigia mara mbili. Namba inatakiwa iwe imebandikwa ukutani kazini kwenu, nendeni leo usiku mkaitafute, na kama haijabandikwa hilo nalo ni kosa lao.

Naona dada pale nyuma anaangalia saa, shifti inamwita. Namalizia.

Ile meza karibu na chai kuna kompyuta mbili. Kijana wangu yuko pale, atakufungulia rejista ya Texas, unataja jina lako na anaangalia mwenyewe ukiwa umesimama, kama cheti kiko hai, kinaisha lini, anuani ni ipi. Haichukui dakika tatu na hailipiwi. Mimi nitakaa kwenye ile meza ya kona, mpaka saa nne na nusu. Kama una barua yoyote ya jimbo, iwe ya wiki hii au ya mwaka juzi, niletee. Kama hujaifungua usione haya, niletee hivyo hivyo ilivyo, tutaifungua pamoja.